Kingamwili ya kutafutia sinapsi: yanayoaminiwa maabara na yaliyo kweli

"Kingamwili ni dawa." Hili ndilo la kwanza ninalolisikia wanafunzi wapya wanapoingia maabara hapa Dodoma, na siwalaumu, maana tangu sekondari wamefundishwa kwamba kingamwili hupambana na vijidudu. Mwilini ni kweli. Maabara, kingamwili ni chombo cha kutafutia. Aliyewahi kupimwa malaria kwa mRDT zahanati, iwe Chamwino au Kongwa, ameshakutana nayo: kwenye kile kipimo kuna kingamwili zinazonasa protini ya kimelea kutoka kwenye tone la damu. Anayetafuta sinaptofisini, protini ya kwenye sinapsi (pale nyuroni, yaani seli ya neva, inapokutana na nyingine), kwenye ubongo wa panya anafanya kazi ya aina hiyohiyo, ila yeye ana kipande cha ubongo chembamba kuliko karatasi. Kingamwili hiyo haimtibu mtu kifafa wala usahaulifu. Inaonyesha tu protini ilipo.

Sinaptofisini yenyewe ilielezwa mwaka 1985. Inakaa kwenye utando wa vifuko vidogo sana vinavyohifadhi kemikali ambazo nyuroni moja huzitumia kupeleka ujumbe kwa nyingine. Ndiyo maana watafiti huitumia kama alama ya sinapsi.

Dhana inayokula pesa na miezi ya watu ni hii: "Chupa imeandikwa sinaptofisini, basi inashika sinaptofisini." Kingamwili inashika sehemu ndogo tu ya umbo la protini, na sehemu inayofanana nayo ikiwepo kwenye protini nyingine, itaishika pia. Sinaptofisini ina ndugu yake, sinaptoporini, na wanafanana si haba. Wapo wanaojibu, "Yetu ni monokloni, hiyo haikosei." Njia ya kutengeneza kingamwili za monokloni, waliyoianzisha Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975 na kupewa Nobel mwaka 1984, inahakikisha kwamba kingamwili zote chupani zinashika mahali pamoja. Haihakikishi kwamba mahali hapo pako kwenye protini moja tu.

Ushahidi unatafutwa kwa kujaribu. Tenganisha protini za ubongo kwa ukubwa, uone kama mstari unatokea karibu na kilodaltoni 38, ambao ndio ukubwa wa sinaptofisini. Kisha, ikiwezekana, paka kingamwili hiyohiyo kwenye ubongo wa panya aliyeondolewa jeni ya sinaptofisini. Panya wa namna hiyo wanaishi na kuzaa, kwa hiyo kipimo hiki kinawezekana kabisa. Ubongo huo ukiwaka kama ule wa kawaida, unachokiona si sinaptofisini. Usipompata panya huyo, tumia ini: seli kuu za ini, hepatosaiti, hazina protini hii, na zikiwaka ujue kuna tatizo.

Hapa kuna kosa linalojirudia sana. Mtu anaacha kuweka kingamwili ya kwanza, ile inayotafuta protini, kwenye slaidi moja, anaweka peke yake ya pili, ile yenye rangi inayowaka na inayoishika ya kwanza, slaidi inabaki giza, naye anaandika kwamba kingamwili yake imethibitishwa. Alichothibitisha ni kwamba ile ya pili haijishikii ovyo. Kuhusu ya kwanza hajasema lolote. Mhudumu wa zahanati hasomi jibu la mRDT kama mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, haujatokea, na naumia ninapoona tasnifu yenye picha nzuri za ubongo lakini haina hata slaidi moja ya kulinganishia.

Halafu kuna furaha ya hadubini. "Madam, zinawaka zote!" Naam, zinapendeza: nukta za kijani zimebanana kando ya matawi ya nyuroni kama punje za uwele kwenye suke. Mwanafunzi anaanza kuhesabu, na kila nukta anaiita sinapsi. Asubiri kwanza. Kifuko kimoja kina kipenyo cha takriban nanomita 40, na mwanya kati ya nyuroni mbili kwenye sinapsi ni kama nanomita 20. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya takriban nanomita 200. Kwa hiyo nukta moja ni kundi la vifuko, na kundi hilo pengine bado liko safarini ndani ya mkia wa nyuroni, halijafika popote penye sinapsi. Ukiongeza kingamwili ya PSD-95, protini ya upande wa pili wa mwanya, kwa rangi nyekundu, zitapandana na utaona njano, ingawa kila moja iko kwenye seli yake. Kupandana huko ni dalili nzuri, na ndiko kunakohesabiwa kwenye kazi nyingi. Lakini andika ulichokiona. Sinapsi yenyewe, na mwanya wake, inaonekana kwa hadubini ya elektroni.

Wengine hudhani sinaptofisini ni ya ubongo peke yake. Sivyo. Iko pia sehemu ya ndani ya tezi ya adrenali na kwenye seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na wataalamu wa patholojia huitumia kila siku kutambua uvimbe unaotokana na seli za aina hiyo.

Kuhusu "inang'aa zaidi, basi protini ni nyingi zaidi": linganisha slaidi zilizopakwa siku moja, kwa kipimo kimoja cha kingamwili, na kupigwa picha kwa mipangilio ileile. Bila hayo hakuna ulinganisho.

Na kingamwili iliyofanya kazi kwenye protini zilizotenganishwa inaweza kugoma kwenye tishu iliyokaa kwenye fomalini, kwa sababu fomalini hufungamanisha protini na kuficha mahali pa kushikia. Mara nyingi kuchemsha slaidi kwenye bafa (kimiminika kinachotunza kiwango cha asidi) ya sitreti yenye pH 6 hupafungua tena.

La mwisho, "ikiwa kwenye friza iko salama." Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara kunaiharibu, na umeme ukikatika kwa muda mrefu kwenye joto la Novemba hapa kwetu, inayeyuka bila wewe kujua. Kifurushi kikifika kutoka Dar es Salaam, soma maelekezo ya chupa, maana nyingine hazitakiwi kugandishwa kabisa. Inayogandishwa, igawe siku hiyohiyo kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, kila kimoja na tarehe na namba ya toleo. Toleo jipya likija, hasa la kingamwili ya polikloni (mchanganyiko wa kingamwili zinazoshika mahali tofauti) inayotoka kwa sungura mwingine, lijaribu upya kwenye ubongo na kwenye ini kabla hujagusa sampuli za utafiti.