Bastola ya buldogi: mwili mdogo, mdomo mpana

Buldogi ni bastola ya silinda, ile ambayo wengi huiita rivolva, yenye mtutu mfupi, mpini mdogo na mwili unaoingia kwenye mfuko wa koti, lakini inayokula risasi nene za kaliba (upana wa risasi kwa sehemu za inchi) kama .44 au .45. Sifa hizo lazima zikutane. Kwa maana hii, rivolva fupi ya .38 si buldogi, hata iwe ndogo namna gani. Na rivolva ya .44 yenye mtutu wa inchi 6, ile ya kuwindia, nayo si buldogi, maana ukiivaa kiunoni hata mtoto ataiona.

Jina lilianzia Birmingham, Uingereza. Mwaka 1872 kiwanda cha Webley kilitoa bastola kilichoiita British Bull Dog: mtutu wa inchi 2.5, yaani sentimita 6 na kitu, silinda ya matundu matano, na risasi ya .442. Ilikuwa ndugu mdogo wa bastola nzito zaidi ambayo Webley walikuwa wakiwauzia polisi wa Ireland. Soko liliipenda mno. Haikupita muda mafundi wa Ubelgiji, Hispania, Ufaransa na Marekani wakawa wanaiiga, wengine wakigonga maneno yaleyale "British Bull Dog" juu ya chuma ambacho hakikupata kuiona Uingereza. Kwa hiyo mtu akikuonyesha buldogi ya karne ya 19, swali la kwanza ni nani aliyeitengeneza. Nyingine ni kazi ya fundi hodari, nyingine ni mabati.

Buldogi iliyoingia kwenye vitabu vya historia ni ile aliyonunua Charles Guiteau mjini Washington. Tarehe 2 Julai 1881, kwenye stesheni ya treni, alimpiga nayo risasi Rais James Garfield wa Marekani. Madaktari waliitafuta ile risasi kwa kuchokonoa kwa vidole na vyuma visivyosafishwa, jeraha likaoza, na rais akafa tarehe 19 Septemba. Bastola yenyewe iliwekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, ikapigwa picha, kisha ikapotea.

Leo Mmarekani akisema Bulldog, mara nyingi anaizungumzia ile ya Charter Arms, kampuni iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1964. Walianza na rivolva ndogo ya .38, na mwaka 1973 wakatoa ya risasi iitwayo .44 Special: matundu matano, mtutu wa inchi 3, uzito wa kilo nusu na kidogo. Miaka michache baadaye ikapata sifa mbaya, kwa sababu ndiyo aliyoitumia David Berkowitz, muuaji aliyewatia hofu wakazi wa New York mpaka alipokamatwa Agosti 1977. Hilo halikuizuia kuuzika.

Kwa nini matundu matano na si sita? Risasi ya .44 ina unene wa karibu milimita 11, na ukitaka kuzipanga sita lazima silinda inenepe, na ikinenepa bastola haifichiki tena. Ukipunguza tundu moja, silinda inabaki nyembamba. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitambui. Juu ya silinda kuna vijishimo ambavyo kichuma cha chini huvishika ili tundu lisimame sawasawa na mtutu. Kwenye silinda ya matundu sita kijishimo mara nyingi huangukia juu ya tundu lenyewe, mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko pote. Kwenye ya matano hukaa pembeni, kati ya tundu na tundu, ambako chuma kimejaa.

Na kwa nini .44 Special, risasi ya mwaka 1907, wakati tangu 1955 ipo .44 Magnum yenye nguvu kuliko hiyo? Kwanza ni shinikizo la gesi ya baruti. Kikomo cha .44 Special ni pauni 15,500 kwa inchi ya mraba, na cha Magnum ni 36,000. Kuta nyembamba za silinda ndogo haziwezi kustahimili mzigo wa pili. Ganda la Magnum, kile kikombe cha chuma kinachobeba baruti, limerefushwa kama milimita 3, nalo haliingii kwenye silinda iliyochongwa kwa ajili ya Special. Pili ni urefu wa mtutu. Baruti nyingi inahitaji nafasi ya kuungua, na kwenye mtutu wa inchi 2.5 sehemu yake inaishia kuwa moto na kelele nje ya mdomo wa bastola. Special haitegemei mwendo. Inategemea kichwa kizito (ile sehemu ya risasi inayoruka), kama gramu 16, kinachokwenda polepole. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo akili yote ya buldogi, na anayetafuta Magnum ya mfukoni hajaelewa alichokifuata.

Sasa tuje kwenye kupiga, maana hapo ndipo sifa hugeuka kuwa deni. Bastola inapotoa risasi mbele, yenyewe husukumwa nyuma. Anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini huusukuma mtumbwi nyuma. Angeruka kutoka kwenye jahazi, jahazi lisingejali. Tufanye hesabu. Kichwa cha gramu 16 kinachotoka kwa mita 220 kwa sekunde, ukikigawia bastola ya gramu 570, kinairudisha nyuma kwa kasi ya mita 6 kwa sekunde na zaidi. Risasi hiyohiyo kwenye rivolva kubwa ya gramu 1,130 huirudisha kwa mita 3 tu. Uzito umepungua nusu, kasi ya teke imezidi mara mbili, na nishati inayoingia kiganjani nayo ni mara mbili. Hapo sijahesabu gesi ya baruti, ambayo nayo inaongeza lake.

Mpigaji hulisikia teke hilo kwenye ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Mpini mdogo wa mbao unaipiga mahali padogo, kwa hiyo unauma kuliko hesabu inavyosema. Mpini wa mpira unaoziba mgongo wa chuma unasaidia sana, ila una gharama yake: ni mnene, na unanata kwenye shati, hivyo kitambaa hukaa kimejikunja juu ya bastola ambayo mwenyewe alidhani ameificha.

Teke lenyewe halipotezi shabaha. Mpaka mkono unyanyuke, risasi imeshatoka. Kinachoharibu ni woga wa teke linalofuata. Mpigaji anakaza kiganja na kuinamisha mtutu kabla ya mlio, risasi inapiga chini, naye analalamika kwamba bastola haina shabaha. Walimu wa viwanja vya shabaha vya Marekani wana njia rahisi ya kulionyesha hilo. Wanachanganya ganda lililokwisha kupigwa pamoja na risasi nzima, wanazungusha silinda mpigaji asione, kisha wanamwambia apige akilenga kama kawaida. Nyundo, kile kichuma kinachogonga risasi ili ilipuke, ikianguka juu ya ganda tupu, pako kimya, na mtutu unaonekana wazi ukiinama wenyewe. Hakuna maelezo yanayomshawishi mtu kuliko hayo.

Triga, kile kichuma kinachovutwa kwa kidole, nayo ni mzigo. Kwenye kuvuta kamili, ambako kidole kinanyanyua nyundo na kuiachia, mvuto huwa karibu kilo 5, yaani kidole kimoja kinavuta uzito mara nane au tisa wa bastola yenyewe. Ukivuta kwa pupa, bastola inayumba. Umbali kati ya alama ya nyuma na ya mbele ni mfupi pia, kwa hiyo kosa dogo la jicho hukua kufikia shabaha. Mita 7 ni umbali wa haki kwa anayejifunza. Mita 25 inawezekana, kwa mwenye mazoezi.

Kosa lisilosameheka kwenye rivolva yoyote ni kuweka kidole mbele ya silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na kila mlio hutoa humo gesi ya moto na chembe za risasi kuelekea pembeni. Waliozoea bastola za magazini, zisizo na silinda, wanaopenda kunyoosha kidole gumba mbele, ndio wanaoumia. Masikio nayo lazima yazibwe, na macho yakingwe kwa miwani. Mlio wa bastola unapita desibeli 150, na kwa mtutu mfupi mdomo uko karibu zaidi na uso wa mpigaji.

Kuhusu kumiliki, Uingereza iliyoizaa buldogi haiiruhusu tena. Baada ya mauaji ya shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria za 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote za raia katika England, Scotland na Wales, zikabaki ruhusa chache kama za silaha za kale. Marekani mtu hainunui dukani kabla hajatimiza miaka 21, kwa sheria ya shirikisho ya 1968, na ruhusa ya kutembea nayo hutegemea jimbo. Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, chini ya Bodi ya Leseni za Silaha. Katika nchi hizi mbili, kuwa nayo bila leseni kunaweza kukufikisha jela.

Ugumu wa kila siku kwa mwenye nayo Marekani ni bei ya risasi. .44 Special ni ghali kuliko milimita 9, na haipatikani kila duka. Basi bastola iliyo ngumu kuizoea kuliko nyingine ndiyo inayopewa mazoezi haba kuliko nyingine. Wengi hupiga silinda mbili tatu siku ya kuinunua, wanaridhika, wanaivaa miaka. Anayeijua kazi huchagua risasi za teke la wastani kwa mazoezi na kwenda uwanjani mara kwa mara, kila safari akipiga chache, maana baada ya risasi nyingi kiganja huchoka na kinachofundishwa ni woga.

Risasi mpya zinafaa zijaribiwe kabla ya kutegemewa. Bastola nyepesi hurudi nyuma kwa ghafla kiasi kwamba ganda linaondoka na bastola huku kichwa kikibaki pale kilipokuwa, na taratibu kinachomoka. Kikichomoka vya kutosha hutokeza mbele ya silinda, kikagonga chuma, na silinda haizunguki tena. Kupima ni rahisi: jaza tano, piga nne, toa ya tano, ilinganishe na mpya kutoka kwenye boksi. Kama imerefuka, hizo si risasi za bastola hiyo.