Mwanamichezo wa chuo Marekani analipwa, lakini si mwajiriwa

Mzazi ambaye mwanawe ameitwa kuchezea chuo cha Marekani huuliza kwanza kama ada imelipwa yote. Ana haki ya kuuliza. Swali ambalo wengi hulisahau ni hili: kijana akivunjika goti uwanjani, nani atabeba mzigo wake, na kwa sheria ipi?

Jibu linaanzia jimbo la Colorado, mwaka 1955. Ray Dennison, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika chuo cha Fort Lewis A&M, aliumia kichwa mechini akafariki dunia. Mjane wake aliomba fidia wanayopewa wafiwa wa mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya jimbo ilikataa: chuo hakifanyi biashara ya mpira, kwa hiyo marehemu hakuwa kazini. Miaka hiyohiyo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilivitaka vyuo vimwite kila mchezaji "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekuwa mkurugenzi wake wa kwanza, alikuja kukiri kwamba jina hilo lilizaliwa na hofu ya madai ya fidia. Kwa hiyo nikilisikia likitamkwa kwa heshima, mimi humkumbuka yule mjane.

Upande wa fedha mambo yamegeuka. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipoichezea timu ya kikapu ya UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, kabla ya kuchaguliwa wa pili na timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, kanuni ziliruhusu masomo, chumba na chakula. Kupokea hela ya tangazo kungemweka nje ya timu. Tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kuuza jina na sura yake. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliifungua dhidi ya NCAA: kila chuo kinachojiunga kinaweza kuwagawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na wachezaji wa zamani watalipwa takriban dola bilioni 2.8 katika miaka 10.

Lakini fedha hizo haziitwi mshahara. Makubaliano yaliliacha suala la ajira kando. Wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi Machi 2024, kisha mwisho wa mwaka ombi lao likaondolewa. Julai mwaka huohuo mahakama moja ya rufaa ya shirikisho ilisema kuitwa mchezaji wa ridhaa pekee hakumnyimi mtu haki ya kuwa mfanyakazi. Neno la mwisho bado.

Mzazi atofautishe matibabu na fidia. Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza la NCAA vinatakiwa kugharamia matibabu ya majeraha ya michezo hadi angalau miaka 2 baada ya mchezaji kumaliza chuo. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, goti lililokaza akiwa na miaka 30 na kumfanya ashindwe kazi ya kusimama ni hasara ya kipato, na hasara hiyo hufidiwa na sheria za wafanyakazi, ambazo yeye hazimtambui.

Kwa vijana wetu kuna tanzi jingine: viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni. Inaruhusu kazi ndani ya chuo, kwa kawaida isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje inataka kibali. Mwenzake Mmarekani anapiga picha ya tangazo la viatu mchana, yeye akifanya hivyohivyo anaweza kupoteza viza. Asisaini mkataba wowote wa matangazo kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo haijamjibu kwa maandishi, na majibu hayo ayatunze.

Barua ya ufadhili nayo isomwe hadi ukurasa wa mwisho. Tafuteni ni ya mwaka mmoja au ya miaka yote ya masomo, na inasema nini kijana akiumia na asiweze kucheza tena. Kama haisemi, mwandikieni kocha kabla ya kutia saini.