Nepia Inayostahimili Fugwe Si Kinga ya Magonjwa Yote

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wafugaji wa magharibi mwa Kenya yanafanana: mfugaji aliuziwa nepia (nyasi ndefu za kulishia ng'ombe) "isiyougua", na baada ya kuikata mara ya pili au ya tatu ikachipua ikiwa fupi, yenye majani membamba ya manjano. Ni vyema ieleweke kwamba hakuna mtafiti aliyewahi kuahidi nepia isiyougua. Aina za nepia za Kakamega 1 na Kakamega 2 zilichaguliwa kwa kustahimili fugwe, ugonjwa wa kuvu unaolifanya shina lichanue mapema na kubeba masuke yenye unga mweusi. Kudumaa, kunakoleta ufupi na umanjano huo, ni ugonjwa mwingine kabisa, unaosababishwa na fitoplazma (vijidudu vya jamii ya bakteria) na kuenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Katika majaribio, aina zilizoonyesha kuustahimili ni Ouma 2 na South Africa.

Kabla ya aina mpya kuidhinishwa, huombewa majaribio ya kitaifa yanayosimamiwa na KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea nchini Kenya, ikapandwa katika kanda mbalimbali kwa misimu kadhaa pamoja na aina zilizozoeleka, huku ikipimwa pia iwapo inatofautika na nyingine na kubaki na sifa zilezile. Kwa kuwa nepia hukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane, mavuno hupimwa kwa kila mkato. Aina inayotoa rundo kubwa wakati wa mvua ndefu na kumwacha ng'ombe bila lishe mwezi Februari haina faida kwa mfugaji, hata kama jumla yake ya mwaka inapendeza. Anayeuza vipando kwa jina lisilo la aina yake halisi anakiuka Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326.

Hata hivyo, mbali na mdudu huyo, kudumaa huenea sana kwa pingili (vipande vya shina vya kupanda) zinazochukuliwa kwa jirani. Shamba lililosimama refu hudanganya, kwani dalili hujitokeza nepia inapochipua upya. Subiri likatwe, urudi baada ya wiki chache, ukague shina moja moja, kisha uchukue pingili zenye vifundo vitatu kutoka sehemu ambayo haina hata shina moja la manjano. Shina lililodumaa ling'olewe pamoja na mizizi yake yote. Kulikata na kulitilia mbolea hakuliponyi.