Kusoma usugu wa kifua kikuu kwa vitundu vya nano

Majibu ya GeneXpert, kipimo cha haraka cha kifua kikuu, humwambia daktari mambo mawili: vimelea vya kifua kikuu vipo au havipo, na kama ni sugu kwa dawa ya rifampisini. Ila kipimo hicho hutazama kipande kifupi tu cha jini ya rpoB ya vimelea hao, chenye herufi 81 za DNA. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Eswatini mwaka 2009 ulionyesha hatari yake. Karibu asilimia 30 ya vimelea sugu kwa dawa nyingi vilikuwa na badiliko la jini liitwalo I491F, lililo nje ya kipande hicho. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa dawa isiyomfaa, na huendelea kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake.

Teknolojia ya nanopori husoma jini nzima badala ya kipande. Ndani ya kifaa kuna utando usiopitisha umeme, uliotobolewa kwa vitundu vya protini vyenye upana wa takriban nanomita moja. Umeme mdogo hupitishwa humo, na uzi wa DNA huvutwa kupita kitunduni kwa kasi ya herufi kama 400 kwa sekunde. Kila kundi la herufi huzuia umeme kwa kiwango chake, na kompyuta hugeuza mabadiliko hayo kuwa A, C, G na T. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza usomaji wa jini teule wa aina hii katika miongozo yake ya kupima usugu.

Kazi ngumu iko kabla ya mashine. Makohozi huyeyushwa, vimelea huuliwa kwa joto, DNA hutolewa, kisha jini zinazohusika huzalishwa kwa wingi kwa PCR, njia ya kunakili DNA: rpoB kwa rifampisini, katG na inhA kwa isoniazidi, gyrA na gyrB kwa levofloksasini, pncA kwa pirazinamidi. Hii ya mwisho ndiyo inayoonyesha faida kubwa zaidi, kwa sababu mabadiliko yake yametawanyika jini nzima. Kila sampuli hubandikwa alama yake ya DNA ili nyingi zisomwe pamoja.

Kosa linaloharibu vifaa ghali zaidi ni kiputo cha hewa. Kikigusa utando, vitundu vya hapo hufa na havirudi. Kabla ya kumimina chochote kwenye kifaa chenye utando, kile kinachowekwa kwenye MinION (mashine ndogo ya kusoma DNA), weka pipeti ya mikrolita 1,000 kwenye 200, ingiza ncha katika tundu la kumiminia, kisha zungusha gurudumu polepole hadi 220 au 230. Ukiona kimiminika kidogo kikipanda kwenye ncha, hewa imetoka. Usivute zaidi ya mikrolita 30, maana ukivuta sana utando wenyewe utakauka. Pima idadi ya vitundu hai kwanza pia: vikipungua chini ya 800 kwenye kifaa kipya, mtengenezaji hukibadilisha. Kihifadhiwe kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kamwe kisigandishwe. Umeme ukikatika na friji likapata joto, ni afadhali kukipima upya kuliko kupoteza sampuli za wagonjwa.

Mashine hukosea hasa pale herufi moja inapojirudia mara nyingi mfululizo, kwa kuwa umeme haubadiliki na hesabu hupotea. Ndiyo maana kila sehemu lazima isomwe mara nyingi kabla ya kuamua. Kila mzunguko uwe pia na kichupa cha maji matupu. Kikionyesha DNA ya kifua kikuu, kuna uchafuzi, na majibu ya mzunguko mzima yasitolewe.

Makohozi yenye vimelea vichache mara nyingi hayasomeki vya kutosha, na hapo kuotesha vimelea bado kunahitajika. Kwa dawa ya bedakwilini pia, mabadiliko mengi ya jini bado hayana tafsiri ya uhakika. Zaidi ya hayo, DNA ya vimelea waliokufa hubaki kwenye makohozi hata dawa zikifanya kazi vizuri. Kipimo hiki kitumike kuchagua dawa. Maendeleo ya mgonjwa yafuatiliwe kwa hadubini na kuotesha makohozi.