“Punguza mawazo utashika mimba”: dhana zinazowaelemea wanaoanza vipimo na matibabu ya uzazi

Wanawake wengi wanaofika kwangu kwa mara ya kwanza, kabla sijawauliza lolote kuhusu hedhi yao, huanza kwa kujitetea kwamba wanajitahidi kupunguza mawazo. Wameambiwa na ndugu, wameambiwa na marafiki, na wengine, jambo linalonisikitisha zaidi, wameambiwa na mhudumu wa afya, kuwa mimba haishiki kwa sababu wanaiwaza mno. Hivyo mtu anaingia akiwa na mizigo miwili: ule wa kukosa mimba, na ule wa kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye anayeizuia. Mzigo wa kwanza tunaweza kuuchunguza na mara nyingi kuutibu. Wa pili haukupaswa kuwepo kabisa, na nimechoka kuukuta mabegani mwa watu ambao tayari wamebeba vya kutosha.

Dhana: Msongo wa mawazo ndio unaozuia mimba

Dai hili limechunguzwa, halikuachwa kuwa suala la maoni. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 14 zenye jumla ya wanawake 3,583 waliokuwa wakitibiwa ugumba, ambao hali yao ya wasiwasi na huzuni ilipimwa kabla ya kuanza mzunguko wa matibabu. Waliokuwa na wasiwasi mwingi na waliokuwa watulivu hawakutofautiana katika kushika mimba. Ukizijua sababu halisi za ugumba, matokeo hayo hayashangazi. Mirija iliyoziba kwa makovu ya klamidia au kisonono haizibuki kwa sababu mwenye nayo amekwenda likizo. Mbegu za kiume zilizo chache haziongezeki kwa mke kutabasamu. Mwenye PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari, ambaye mayai yake hayapevuki anahitaji dawa ya kuyapevusha, na kumwambia atulie ni kumchelewesha tu asiipate.

Watu humwona mwanamke mwenye huzuni ambaye hana mtoto, wakahitimisha kwamba huzuni ndiyo iliyotangulia, ilhali kwa kawaida mambo huenda kinyume chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 ulilinganisha wanawake wenye tatizo la ugumba na wagonjwa wa maradhi mengine, ukakuta kwamba kiwango chao cha wasiwasi na sonona kililingana na cha wagonjwa wa saratani na cha wale waliokuwa wakirejeshewa afya baada ya maradhi ya moyo. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa saratani kwamba uvimbe wake utayeyuka akiacha kuuwaza. Anayeanza vipimo vya uzazi naye anastahili heshima hiyohiyo: kuelemewa kwake ni itikio la kawaida la binadamu aliyekutana na jambo zito.

Ipo hali moja ambayo sharti niitaje ili nisieleweke vibaya. Mwili uliobanwa kupita kiasi, hasa kwa kupungua uzito sana, kufanya mazoezi makali mno au kupitia mateso ya muda mrefu, unaweza kusimamisha upevukaji wa mayai. Hali hiyo lakini huacha alama, kwa kuwa hedhi hukata au huja kwa nadra sana. Mwanamke anayepata hedhi yake kwa mpangilio kila mwezi hana sababu ya kudhani kwamba mawazo yamezima mayai yake. Ni kweli pia kwamba uchovu na wasiwasi hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na wanandoa wanaokutana mara moja kwa mwezi wamepunguza nafasi zao. Dawa ya hilo ni kujua siku za rutuba, ambazo ni takriban sita, yaani siku ya yai kupevuka na tano zilizoitangulia, kisha kukutana kila siku moja au mbili katika kipindi hicho bila kugeuza mwezi mzima kuwa ratiba ya kazi.

Halafu kuna kisa ambacho kila familia inacho: fulani alikata tamaa, au akaasili mtoto, na mara akashika mimba. Visa hivyo vipo na sivipingi. Wanandoa wengi wanaochunguzwa hawana kizuizi kamili bali nafasi iliyopungua, na nafasi iliyopungua, mwezi baada ya mwezi, wakati mwingine hufanikiwa bila msaada. Aliyeasili mtoto akashika mimba husimuliwa kila mahali, ila wale wengi walioasili na wasishike mimba hawasimuliwi na yeyote. Kumpa mtu kisa hicho kama ushauri ni kumtaka ajifanye hataki kitu anachokitaka kwa moyo wake wote.

Msongo unafanya madhara mahali pengine, na hapo ndipo ningependa watu waelekeze wasiwasi wao. Tafiti za mataifa mbalimbali zimerudia kuonyesha kwamba moja ya sababu kubwa za watu kuacha matibabu mapema, hata pale ambapo madaktari waliona bado wana nafasi nzuri na gharama si kikwazo, ni kuchoka kihisia. Kwa hiyo nasisitiza mshauri nasaha aonwe mwanzoni, kabla ya jibu baya la kwanza kufika, kwa sababu mtu aliyekwisha vunjika hana nguvu ya kutafuta msaada. Nasisitiza pia kwamba wanandoa wakubaliane tangu siku ya kwanza ni nani atakayeambiwa na nini ataambiwa. Anayelazimika kuwaeleza watu kumi matokeo ya kila kipimo anaupokea ujumbe mbaya mara kumi.

Dhana: Vipimo ni vingi mno, na visipofanywa vyote hakuna kitakachoeleweka

Hofu hii naielewa kabisa. Wengi hunifikia na bahasha iliyojaa karatasi za maabara tofauti, nyingine zikiwa zimerudiwa bila sababu, na hakuna aliyewahi kuwaeleza kila moja ilitafuta nini. Lakini uchunguzi wa msingi unajibu maswali matatu tu: je, mayai yanapevuka; je, mirija na mji wa mimba viko wazi na salama; je, mbegu za kiume zinatosha na zinatembea? Sehemu kubwa ya majibu hayo inaweza kupatikana ndani ya mzunguko mmoja wa hedhi, mradi vipimo vipangwe kwa kufuata mwili wenyewe.

Siku ya kwanza ni ile damu inapoanza kutoka vizuri, si ile ya matone. Kati ya siku ya 2 na ya 5 hupimwa homoni zinazoonyesha jinsi ovari zinavyochochewa, na altrasaundi inaweza kufanywa kipindi hichohicho ili kuhesabu vifuko vidogo vya mayai na kutazama kama kuna fibroidi, yaani uvimbe usio wa saratani kwenye mji wa mimba. Damu ikishakauka na kabla yai halijapevuka, hufanywa picha ya mirija kwa dawa inayoonekana kwenye eksirei. Siku 7 hivi kabla ya hedhi inayofuata hupimwa projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ili kuthibitisha kwamba yai lilipevuka. Mume anaweza kupimwa wakati wowote katika mwezi huohuo.

Katika kipimo cha projesteroni ndiko nakutana na kosa linaloniudhi kuliko yote. Kwa kuwa vitabu hutaja siku ya 21, kila mwanamke huandikiwa siku ya 21. Hiyo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21, yai lake huenda ndiyo kwanza linatoka, kiwango kitakuwa cha chini, naye ataambiwa hapevushi mayai na kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Yeye alipaswa kupimwa karibu na siku ya 28. Hesabu ni nyepesi: chukua urefu wa mzunguko wako, ondoa 7.

Ushauri ninaompa kila mtu, na sitachoka kuurudia, ni kuandika mpangilio wa mwezi mzima kwenye karatasi moja, na kwa kila kipimo kipya kinachopendekezwa kuuliza swali hili: jibu likiwa hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika namna gani? Kipimo ambacho hakibadilishi chochote kinaweza kusubiri, na mara nyingi hakihitajiki.

Dhana: Mwanamke achunguzwe kwanza, mume atafuata ikibidi

Upande wa mwanamume huchangia katika takriban nusu ya wanandoa wanaoshindwa kupata mimba, ama peke yake ama pamoja na sababu za mwanamke. Kipimo cha shahawa hakina sindano wala maumivu, lakini nimeona wanawake waliopigwa picha za mirija na hata kufanyiwa upasuaji ilhali mume hajawahi kupimwa. Jambo hilo halina utetezi. Kuwa na nguvu za kiume, au kuwa na mtoto wa zamani, hakuthibitishi kwamba mbegu za leo zinatosha.

Kipimo hicho kina masharti yake. Mwanamume ajizuie kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7, asitumie kondomu ya kawaida wala mafuta ya kulainisha, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto karibu na la mwili. Sehemu ya kwanza kutoka ndiyo yenye mbegu nyingi zaidi, hivyo ikimwagika lazima aseme, vinginevyo jibu litadanganya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini cha marejeo kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita, na mbegu zenye umbo kamili asilimia 4. Nasisitiza hiyo 4, kwa sababu wanaume huondoka maabara wakiwa wameduwaa baada ya kusoma kwamba asilimia 96 ya mbegu zao zina kasoro ya umbo, wakati jibu hilo liko ndani ya kiwango. Jibu lisiloridhisha hurudiwa kabla ya kuamua lolote, na kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa, homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana kwenye jibu la leo.

Mwanamume anayetafuta mtoto asijichome wala kujipaka testosteroni, yaani homoni ya kiume. Homoni hiyo ikiingizwa mwilini kutoka nje huuambia ubongo kwamba iko ya kutosha, ubongo huacha kuchochea korodani, na mbegu hupungua, wakati mwingine hadi kuisha kabisa kwa miezi mingi. Wapo wanaoitumia wakiamini wanajisaidia.

Dhana nyingine, kwa ufupi

Si kweli kwamba kila anayeingia kliniki ya uzazi ataishia kwenye IVF, yaani kurutubisha yai maabara kisha kuweka kiinitete kwenye mji wa mimba. Wengi husaidiwa kwa vidonge vya kupevusha mayai, kwa kutibiwa tezi ya shingoni (thairoidi) au homoni ya prolaktini, au kwa kuelekezwa tu siku zao za rutuba. Kwa wenye PCOS, utafiti mkubwa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba letrozoli huleta watoto zaidi kuliko klomifeni, zote zikiwa dawa za kupevusha mayai: waliojifungua walikuwa asilimia 27.5 dhidi ya 19.1.

Dawa za sindano za IVF hazimalizi mayai. Kila mwezi mwili huandaa kundi la vifuko, hukomaza kimoja na kuacha vingine vife. Sindano huviokoa vile ambavyo vingepotea mwezi huohuo.

AMH (homoni ya damuni inayoashiria akiba ya mayai) ikiwa ya chini hairuhusu mtu yeyote akwambie kwamba huwezi kushika mimba. Kipimo hicho hukadiria ni mayai mangapi yatakayopatikana ukichomwa dawa za kuyachochea, lakini ni dhaifu sana katika kutabiri mimba ya kawaida, na ubora wa mayai hufuata zaidi umri.

Kulala kitandani siku kadhaa baada ya kiinitete kuwekwa hakuongezi nafasi ya kujipandikiza. Inuka, nenda nyumbani, endelea na shughuli zako za kawaida.

Dhana: Kuomba kupumzika ni kupoteza nafasi

Wanandoa walioelemewa huogopa kusema wanahitaji mwezi mmoja bila vipimo, wakidhani wataonekana hawako makini. Kwa walio wengi, mapumziko ya mwezi mmoja au miwili katikati ya matibabu hayabadilishi matokeo, na ni afadhali mara nyingi kuliko kuacha kabisa. Aliyevuka miaka 40, au ambaye mayai yake yamepungua sana, azungumze kwanza na daktari wake kuhusu urefu wa mapumziko hayo. Jambo lisilofaa kucheleweshwa ni uchunguzi wa mwanzo: mwenye umri wa chini ya miaka 35 afike baada ya miezi 12 ya kujaribu, aliyetimiza 35 baada ya miezi 6, na aliyevuka 40, au ambaye hedhi yake haina mpangilio, au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, asisubiri hata hiyo miezi 6.