Je, wajua kampuni hupata wapi pesa kwa kukuhamishia kwenye programu isiyo na bei?

Ofisi ina kompyuta 40. Inaachana na Microsoft Office na kuhamia LibreOffice, ambayo yeyote anaipakua bila kutoa hata senti. Halafu inamlipa mtu wa kuihamisha. Kwa muda mrefu niliamini huo ni ujanja wa mjini tu: fundi anakuja na flashi, anabonyeza mara mbili tatu, anaacha ankara. Nilikosea, tena mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye neno. Programu hizi huitwa huria kwa sababu unaruhusiwa kuzifungua, kuzibadili na kuzigawa. Bei ni habari nyingine kabisa. Waingereza wana neno moja kwa huru na kwa bure, kwa hiyo wakichanganyikiwa wana udhuru. Mimi nilikuwa na maneno mawili na bado nikayachanganya. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu hili, mwaka 1985 alikuwa akiuza programu yake ya kuhariri maandishi, Emacs, kwenye mkanda wa sumaku kwa dola 150. Mwaka 1989 ikaanzishwa Marekani kampuni ya Cygnus, iliyojinadi kwamba inafanya programu huria ziwe za bei nafuu. Ulikuwa utani, lakini ankara zilikuwa za kweli, na hakuna leseni iliyovunjwa: kulipwa kunaruhusiwa.

Kosa la pili ndilo kubwa. Nilidhani kazi ni kusakinisha, kumbe hiyo huisha kabla ya chai ya saa nne. Kazi yenyewe imo kwenye mafaili ya zamani.

Chukua barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa fonti, yaani umbo la herufi, ya Calibri. Fonti hiyo inatolewa na Microsoft, na kompyuta isiyo nayo itaazima nyingine. Sasa fikiria siti ya nyuma ya daladala. Watano wanatosha sawasawa. Mmoja akiwa mnene kidogo tu, wa tano anasogezwa siti ya mbele, na huko naye anamsukuma mwingine. Herufi nazo ni hivyo hivyo. Zikinenepa kwa unywele, neno la mwisho linashuka mstari wa chini, aya inarefuka, na mwisho wa safari "Wako mtiifu", sahihi na mhuri vinajikuta peke yao ukurasa wa pili. Mkurugenzi haoni fonti hapo. Anaona programu mbovu.

Dawa ni fonti iitwayo Carlito, yenye sura tofauti kidogo na Calibri lakini upana ule ule wa kila herufi: abiria wengine, makalio yale yale. Mara nyingi huja na LibreOffice yenyewe, ingawa si kila toleo la Linux, mfumo huria unaoshika nafasi ya Windows, huiweka. Na ofisi iliyojinunulia fonti yake ya pekee haina pacha wa kuazima. Fundi mzuri hulipwa kwa kuyajua haya kabla barua haijachapishwa.

Makro za Excel, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili lifanye kazi lenyewe, ni ngumu zaidi. Faili la mishahara lililotengenezwa na mhasibu aliyekwisha kustaafu halitibiwi kwa fonti. Lazima mtu alisome, alielewe, aliandike upya.

Kuna pia suala la mpangilio. Polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walianza na OpenOffice, programu iliyozaa LibreOffice, mwaka 2005, wakafuata Firefox ya kuvinjari mtandao na Thunderbird ya barua pepe, na Ubuntu, aina ya Linux, ikaja 2008 kuchukua nafasi ya Windows. Kwa hiyo Windows ilipoondoka, programu za kila siku kwenye kioo zilikuwa zile zile za jana.

Kama haya yote yanaokoa pesa, hapo naongea taratibu. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000, likasema limeokoa zaidi ya euro milioni 10. Utafiti uliolipiwa na Microsoft ukasema kinyume. Mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows.

Kuhusu fonti huhitaji kumwamini yeyote. Andika barua ijae ukurasa mmoja kwa Carlito, kisha iteue yote na uweke DejaVu Sans, fonti yenye herufi pana zaidi. Tazama sahihi inakwenda wapi.