Backstreet Boys hawakuanza kung'ara Marekani

Hapa Goma wengi husema Backstreet Boys, kundi la waimbaji wa Marekani, walipendwa kwao kwanza, ndipo dunia ikafuata. Sivyo, na dhana hii inawavunja moyo wadogo zetu wanaoimba mtaani Katindo, wakidhani mtaa usipowashangilia basi wameshindwa.

Kundi liliundwa Orlando, Florida, mwaka 1993, baada ya mfanyabiashara Lou Pearlman kutangaza gazetini kwamba anatafuta waimbaji. Jina lilitokana na soko la hukohuko, Backstreet Market. Wimbo wao wa kwanza, mwaka 1995, uliishia nafasi ya 69 kwenye chati ya Marekani. Sitini na tisa! Ujerumani ndiko mashabiki walikowapokea kwa kelele. Albamu ya kwanza ilitoka ng'ambo mwaka 1996. Wamarekani walisubiri yao hadi Agosti 1997.